Makosa Mia na Kumi na Mawili

Jumatano, 9 Aprili 2025

Zuleikha kapata kazi! Kazi ya kichwa, si ya kubeba trei! Kliniki moja ya Mbweni imemchagua yeye, binti yangu wa kumzaa, miaka ishirini na nne, awaandikie programu ya kompyuta itakayowapelekea akina mama ujumbe kwenye simu kuwakumbusha siku za chanjo za watoto wao. Walioiomba ni watu wanane, wawili wametoka Dar es Salaam na tai zao shingoni. Kachukuliwa Zuleikha wa Mkunazini.

Haya, sasa salamu. Assalamu alaykum, daftari. Mimi Tabia. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari. Nimekaa eda. Mume wangu Abdulla, fundi umeme, Mungu amrehemu, katutoka mwezi wa pili, na mimi nimo ndani miezi minne na siku kumi, sina hina, sina wanja, sina manukato, mlangoni sitoki. Daftari kanipa Zuleikha. "Andika, mama," kaniambia, "usije ukaanza kuzungumza na kuta."

Kazi inatakiwa Ijumaa tarehe 30 Mei. Ikichelewa wanapewa wenye tai. Na Zuleikha ana nafasi nyingine mkononi, ya mapokezi katika hoteli moja ya Kendwa, huko huko kulala, huko huko kula. Wamemwekea mpaka mwisho wa Mei. Siitaki hata kuisikia.

Alkhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nimewapigia simu watu kumi na mmoja.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimemwambia Bi Ulfat. Dirisha lake na langu yanatazamana, kichochoro chembamba hata tunaweza kupeana chumvi bila ya kushuka ngazi. Nikamsimulia yote, kliniki, watu wanane, tai. Akanitazama, akatikisa kichwa, akafunga dirisha. Hakusema mashaallah.

Nilipomhadithia wifi yangu Sichana, dada wa marehemu aliyekuja kutoka Tumbatu kunikalia eda, akaacha kukuna nazi. "Na wewe Tabia, kwa nini kutangaza kitu kabla hakijaiva?"

"Mtoto wangu, wifi. Nimfiche kabatini?"

Huyu wifi ananichosha. Anazunguka nyumba nzima akigusa vitu vya kaka yake, bisibisi, koleo, kofia. Sijui anahesabu nini.

Alkhamisi, 17 Aprili

Nimepita na chai nikaona jina la marehemu kwenye kioo cha kompyuta. FundiAbdulla. Kumbe ndiyo folda Zuleikha anamoweka kazi zake zote. Baba yake alipomnunulia kompyuta alimwambia, "Na mimi nitie humo mahala, nisionekane nimelipa bure."

Nikamwambia, "Mwanangu, libadilishe. Kila nikipita ntaliona."

Kisha akaandika jina jingine, la kliniki, na lile la baba yake likaondoka.

Wifi alikuwa mlangoni. "Haraka hivyo?" akasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Kompyuta imeanza kutia mistari myekundu chini ya maandishi ya Zuleikha. Anasema si kitu.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Chokaa ya ukuta wa ngazi imebanduka, kipande kikubwa kama sinia.

Alkhamisi, 24 Aprili

Ni kitu.

Leo nimemkalisha nikamwambia anieleze, na asiniruke kwa kuwa sikusoma. Akanieleza vizuri, nami nimeelewa, kwa hivyo naandika.

Kuna pahala anapoandikia, anapaita edita. Akiandika, edita inamsoma nyuma yake kama mwalimu aliyemsimamia mgongoni, na penye kosa inapiga mstari mwekundu. Akishamaliza anaijenga programu, yaani kompyuta inayakusanya yote aliyoandika inafanya kitu kimoja chenye kwenda. Likiwepo kosa la kweli, haijengeki.

"Na hii yako?"

"Inajengeka, mama. Kila nikijaribu inajengeka. Tazama." Akabonyeza. Chini ya kioo maneno yakapita mbio, mwisho pakaandikwa kwa rangi ya kijani kwamba kila kitu salama. Na juu, maandishi yale yale, yamejaa wekundu kama mtu aliyetoka surua. Pembeni pana hesabu ya makosa. Sitini na saba.

"Sasa nani mkweli?"

"Ndiyo ninalouliza na mimi."

Ameshaifunga edita na kuifungua. Ameizima kompyuta na kuiwasha. Ameondoa vikorokoro vyote alivyoviongeza humo ndani. Wekundu unarudi.

Akaenda kutia udhu, mimi nikabaki nimeikabili ile kompyuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini kiza cha mvua kilitanda hata taa tuliwasha. Hapakuwa na mtu. Mikono yangu nimeiweka mapajani. Hesabu ikageuka. Sitini na saba ikawa themanini. Ikatulia kama inayopumua. Ikawa mia na kumi na mbili.

"Umegusa, mama?"

"Wallahi sijagusa."

Nimekwenda kulifunga dirisha la upande wa Bi Ulfat, nikalitia komeo.

Jumatatu, 28 Aprili

Zuleikha halali vizuri, macho yamemwingia ndani. Leo kaniita kwa sauti ya chini, kama yuko hospitali.

"Mama, nikiuweka mshale juu ya mstari mwekundu, edita inanambia kosa ni nini. Yote mia na kumi na mawili inasema neno moja."

"Inasemaje?"

"Inasema inamtafuta FundiAbdulla. Inasema haimpati."

Nikamwambia pengine limebakia pahala, katika maandishi yake. Kasema kalitafuta katika kila faili, moja moja, na jina lile halimo hata pahala pamoja.

Wifi Sichana alikuwa anasikiliza. Akaingia, akakaa chini karibu na meza, akakitazama kile kioo asichoweza kukisoma. "Hata mimi namtafuta," akasema, akatoka.

Nimekoma kumsema wifi kwa leo.

Ijumaa, 2 Mei

Nataka niandike hili vizuri kama lilivyokuwa, bila ya kuongeza.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nimekaa ukumbini nachambua mchele. Mvua imekatika, maji yanadondoka kutoka kwenye mabati ya jirani. Zuleikha yuko chumba cha mbele na kompyuta yake, Sichana yuko jikoni. Nikaitwa. "Tabia!" Kutoka ngazini, kwa ile sauti ya mtu aliyebeba waya begani anayetaka afunguliwe mlango. Nikaitika "Naam!" kabla sijafikiri. Ungo ulikuwa ushanitoka mapajani.

Sichana akaja na mwiko. "Umemwitika nani?"

"Hukusikia?"

"N'lisikia wewe tu."

Tukenda mpaka juu ya ngazi, wawili, tukashikana mikono kama watoto. Chini hapana mtu. Mlango umefungwa kwa ndani. Kipande kingine cha chokaa kimeanguka, na ukuta ulipobanduka umelowa, rangi ya chai.

Zuleikha akatoka chumbani. Uso umempauka. "Mama, ulipoitika, makosa yaliondoka."

"Yaliondoka vipi?"

"Yote. Hesabu ilikuwa sifuri. Nikahesabu mpaka kumi. Halafu yakarudi, mia na kumi na mawili."

Mchele tuliuokota sote watatu.

Jumatatu, 5 Mei

Zuleikha ameiweka programu yake kwenye mtandao ijaribiwe, na wekundu wake hivyo hivyo. Itajiendesha yenyewe kila siku saa nne asubuhi, ikimwona wa kumkumbusha imkumbushe. Hajaniambia kawatia nani kwenye orodha ya majaribio.

Jumanne, 6 Mei

Saa kumi nimeshusha vikombe viwili vya kahawa kwa mazoea. Wifi kakinywa cha pili. Nimeshukuru.

Jumamosi, 10 Mei

Mtoto ameanza kubomoa.

Hakuweza tena kuutazama ule wekundu, kasema. Kwa hivyo tangu juzi anarekebisha. Edita ikisema hiki hakipo, anakifuta. Ikisema hiki sikijui, anaandika kingine. Kazi ya miezi, mstari kwa mstari, ili kuiridhisha. Na wekundu umepungua kweli, mia na kumi na mawili imekuwa arubaini, imekuwa tisa. Leo adhuhuri akaijenga.

Haikujengeka. Kijani hakikutoka. Mara ya kwanza tangu aianze.

Kalaza kichwa juu ya meza. Nikamshika mgongo, mifupa mitupu.

"Mama, labda mimi sijui. Labda ile inaona nisichokiona. Wale wa Dar wamesoma chuo miaka minne, mimi nimejifunza kwenye simu na kozi ya miezi sita. Labda tangu mwanzo nilikuwa naandika upuuzi, na bahati tu ndiyo inayoujenga."

Mimi, ninayeweza kumsifu mtoto wangu mpaka muuza samaki akasahau bei, nikaenda kumchemshia chai.

Kasema Jumanne anaifuta yote, anawaandikia kliniki, na anakwenda Kendwa.

Jumapili, 11 Mei

Mvua mchana kutwa. Mkoba wake uko juu ya kitanda.

Jumanne, 13 Mei

Naandika kabla ya kulala, nisisahau neno.

Asubuhi Zuleikha alikwishafunga mkoba. Kasema, nishaoga, nshakunywa chai, sasa nafuta. Nikamfuata chumba cha mbele. Sichana naye akaja, akasimama mlangoni na kanga yake ya kuswalia. Mtoto akaweka kidole. Ilikuwa saa nne kamili.

Simu ikalia.

Si yangu. Si ya Zuleikha. Sichana hana simu. Imelia ndani ya mtoto wa meza ya marehemu, mlio wake ule wa ndege, ambao sijausikia tangu mwezi wa tatu watu walipoacha kuleta rambirambi. Ile simu huitia chaji kila Ijumaa, mwenyewe najua kwa nini, na sikumwambia mtu.

Hakuna aliyekwenda. Ikalia mara ya pili. Basi nikenda mimi, mkewe, nikavuta mtoto wa meza. Kioo kinawaka. Nikasoma kwa sauti, kwa kuwa kama nisingesoma kwa sauti nisingesadiki:

"Kwa mzazi wa Zuleikha Abdulla. Mtoto wako anatakiwa kliniki kesho asubuhi. Tafadhali usikose."

Sichana akakaa chini pale pale mlangoni. "Kaka yangu," akasema. "Kaka yangu anaitwa."

Zuleikha alikuwa analia na kucheka. "Ni mimi, shangazi. Ni mimi. Nilipoanza kuiandika, hata kazi ya kliniki sijaiomba, baba yuko hai, nilimtia yeye mzazi na mimi ndiye mtoto, tarehe ya kuzaliwa ya uongo, kujaribia tu. Sikumwondoa. Ni ile niliyoiweka mtandaoni tarehe tano. Imemkumbusha."

Nikaishika ile simu kifuani. Na papo hapo, sijui kwa akili gani niliyopewa, nikamuuliza.

"Siku ile ya tarehe tano, edita ilikuwa na makosa mangapi?"

"Mia na kumi na mawili."

"Na ujumbe umefika."

Akaitazama ile simu kifuani pangu.

"Umefika au haukufika?"

"Umefika, mama."

"Jina sawa, siku sawa, saa nne kamili. Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

"Basi nisikilize. Mimi nikikaanga maandazi, akaja mtu akasimama mlangoni akanambia Bi Tabia unga wako haukuumuka, hamira huna, mafuta huna, na yeye huku anayatafuna maandazi yangu, ntamsikiliza? Ntamwaga unga? Ntamwambia wewe macho yako yana kasoro, nenda ukatibiwe! Huyo edita wako ndiye mgonjwa. Usimtibu kwa kukata kazi yako."

Sichana akasema kutoka pale chini, "Mwenzenu huyo edita kwa wiki tatu anamtafuta mtu aliyekufa, mnamsadiki kwa lipi?"

Zuleikha kakiondoa kidole. Kumbe ana nakala za kila siku, kairudisha ile ya tarehe tano. Kaijenga. Kijani.

Mkoba bado haujafunguliwa, lakini umeshushwa chini.

Jumatano, 14 Mei

Kelele dirishani tangu saa nne na dakika moja. "Tabia! Tabia, fungua!" Bi Ulfat, anagonga mbao za dirisha langu kwa fimbo ya ufagio. Nikatoa komeo.

"Simu yangu inasema mjukuu wangu kesho chanjo! Na ni kweli, kadi hii hapa! Nilikwishasahau mie!"

Kumbe Zuleikha kamwomba ajaribiwe naye. Hawakuniambia kwa kuwa, kasema Bi Ulfat, nilikuwa nishamfungia dirisha wiki tatu nzima.

Nikamuuliza, siwezi kukaa na kitu moyoni. "Kwa nini siku ile hukusema mashaallah?"

"Nilikuwa sina meno, Tabia! Yako glasini! Ningefungua mdomo ukaniona pengo, mpaka leo mtaa mzima ungekuwa unalijua!"

Kanijua. Tumecheka mpaka Sichana akaja kutazama. Nimemfikiria mabaya mwanamke asiye na meno.

Ijumaa, 16 Mei

Kaja Ridhwan, mtoto wa dada yangu, anatengeneza kompyuta Mlandege.

"Khalati, shikamoo. Naambiwa mna jini."

"Marahaba. Kaa, utamwona."

Kakaa saa nzima na Zuleikha, mabega yamegusana, wanasema lugha yao. Kisha akanieleza na mimi. Edita ina kumbukumbu yake mwenyewe, iliyojificha, si katika faili za Zuleikha. Folda ilipokuwa na jina la zamani iliichora ramani nzima. Jina likabadilika, ramani ikabaki. Kile kinachojenga kinasoma kilichopo sasa. Edita inasoma inachokikumbuka, na kila ikishika njia inakwenda kwenye nyumba isiyokuwepo tena.

"Na hesabu kupanda peke yake?"

"Inaendelea kukagua hata kama hakuna anayeandika."

"Na ile sifuri, siku niliyoitika?"

Ridhwan akakuna shingo. "Pengine ilijiwasha upya. Hutokea." Hakunitazama machoni.

Nikasema, "Aliyebadilisha jina ni mimi."

"Watu wote hubadilisha majina, khalati. Zuleikha angelijua hilo kwa dakika tano kama angekuwa analala."

Akaifuta ile kumbukumbu. Akaifungua folda yenyewe ya kazi, si ile kubwa iliyoibeba. Akaiamuru edita itumie vifaa vya kazi hii na si vyake. Mia na kumi na mawili ikaondoka. Tukangoja. Zuleikha akahesabu kwa midomo mpaka kumi, mpaka ishirini. Haikurudi.

Umebaki mstari mmoja, wa manjano.

"Na huu uongo?" nikauliza.

Zuleikha kauinamia muda mrefu. "Huu kweli, mama. Ulikuwa umefunikwa na wekundu wote ule. Unasema mzazi anaweza kuwa hana namba ya simu. Nimeandika kana kwamba kila mzazi anayo. Asiyekuwa nayo, programu inampita kama hayupo. Na mtoto wake."

Inajengeka hata na manjano. Ingelikwenda hivyo hivyo Mbweni.

Jumanne, 20 Mei

Zuleikha kamkalisha wifi Sichana, maana ndiye mtu asiye na simu tuliye naye. Kamuuliza, "Shangazi, wewe habari zinakufikia vipi?"

"Hunijia na mtu."

Basi programu sasa kila asubuhi inatoa orodha ya wasio na simu, kijiji kwa kijiji, na jina la mhudumu wa afya wa kuwapitia. Hilo wenye tai wasingelifikiria, kwa kuwa hawana wifi wa Tumbatu. Nimemwambia Sichana achague kitu katika vitu vya kaka yake, chochote. Kachukua bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye taa mkiani. Miezi yote hii alikuwa anaitaka hiyo tu.

Ijumaa, 30 Mei

Imekabidhiwa! Imepokelewa! Daktari Khairiya, mkuu wa kliniki, kaijaribu mbele ya wauguzi wote, na alipofika kwenye wasio na simu akamuuliza nani kakufundisha hili. Zuleikha kasema, "Shangazi yangu." Mimi ningesema na mama pia, lakini sawa.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imepungua. Saa nne simu ya marehemu imelia. Ujumbe ule ule, mzazi wa Zuleikha Abdulla, kesho asubuhi, usikose.

Zuleikha kaapa namba ile aliitoa tarehe kumi na saba. Kampigia Ridhwan, naye anasema mitandao huchelewesha.

Nimewaacha na hilo. Sikuwaambia kwamba simu ile niliizima tangu Jumapili.

Jumapili, 8 Juni

Sikukuu ya pili. Nguo mpya sikuvaa, zamu yangu bado siku tatu.

Zuleikha kawaandikia hoteli ya Kendwa, kawashukuru, kawaambia wampe mwengine. Kanisomea barua kabla hajaituma. Kliniki imempa kazi ya pili, ya wajawazito. Kaanza jana, juu ya meza ile ile. Mstari mwekundu ukitokea anauuliza kwanza: wewe umeona kilichopo au unakumbuka tu? Nimemsikia kwa masikio yangu akizungumza nao. Na ndiye aliyenipa daftari nisizungumze na kuta!

Eda yangu inakwisha Jumatano. Nimewapigia simu watu wote kumi na mmoja, na Bi Ulfat, na dada yangu na Ridhwan, na Daktari Khairiya na wauguzi wake, na Sichana kawatumia watu wake wa Tumbatu habari kwa mtu. Biriani anapika Bi Ulfat, meno kavaa. Alkhamisi, tarehe kumi na mbili Juni, baada ya sala ya alasiri, wote waje kula kwetu.